Jengo Lisilotaka Mbwa

Binti yangu kipenzi,

Kaa kitako kabla hujasoma! Yule mbwa niliyemwokota, uliyesema atanishinda, leo daktari wa mifugo kamsifu mbele za watu. Meno safi, manyoya yanang'aa, chanjo zote kapata.

"Mzee, mbwa wa aina gani huyu?"

"Wa polisi, mbegu halisi!"

Akacheka mpaka akashika meza. "Babu, huyu chotara! Tazama hiyo miguu mifupi."

Nikamwambia miguu itarefuka, maadamu ninayemlea ni mimi. Namtembeza asubuhi na jioni, maji namwekea safi, mifupa ya kuku simpi ng'o. Mtaa mzima nani ananiweza?

Juzi niliteleza bafuni, jambo dogo tu. Akabweka mpaka jirani yangu, fundi cherehani, akaja kuvunja mlango. Huyo fundi akikupigia simu usimsikilize, anapenda kutia chumvi.

Unasema nihamie kwako, ila jengo lenu halitaki mbwa. Basi mwanangu, jengo lisilomtaka yeye halinitaki na mimi. Njoo wewe. Mlango mpya tumeshatia, na tutakupokea wawili.

Ni mimi baba yako, mbishi yuleyule.