Mayai ya Asubuhi

4 Februari

Mpwa wangu, Bi Mwiko,

Hujambo? Watoto wa shule wanakula, au bado wanakusingizia kuwa unaunguza wali? Mimi mzima, ukiuacha mkono wa kulia. Daktari amesema ni ugonjwa wa Parkinson, ubongo unashindwa kuviamrisha viungo sawasawa. Hauponi, ila kuna vidonge vitatu kwa siku. Kidonge kikishika, mkono unatulia na ninanyoa kama zamani. Tatizo wateja wameshauona ukitetemeka. Wengi wamehamia kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Mwalimu mstaafu bado anakuja, lakini yule ana kipara. Nimejipa mpaka mwisho wa Juni. Mkono ukigoma nafunga saluni, na sijui asubuhi nitakuwa naamkia nini.

Mjomba wako


12 Februari

Shikamoo Mjomba,

Barua yako nimeisoma nimesimama jikoni, na leo wali umeungua kweli. Sasa nisikilize, kupika ndiyo kazi yangu. Umekonda tangu ufiwe na mkeo, na dawa haimezwi tumbo tupu. Kila kidonge kiende na chakula cha maana: asubuhi mayai mawili na kikombe cha maziwa, mchana nyama au maharage. Nimekuandikia yote kwenye karatasi ya pili, ibandike ukutani. Saluni haifungwi nikiwa hai.

Mpwa wako akupendaye


25 Machi

Bi Mwiko,

Salamu nyingi. Mayai nakula. Karatasi iko karibu na kioo. Mkono hauna neno.

Mjomba wako


1 Aprili

Shikamoo Mjomba,

U mzima? Barua fupi kama risiti, lakini imenifurahisha mno! Jiko zima limepata habari. Ongeza yai la tatu.

Mpwa wako


9 Mei

Shikamoo Mjomba,

Mbona kimya? Niandikie hata mstari mmoja, roho itulie.

Mpwa wako


6 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Nisamehe kwa kimya, na kwa uongo. Tangu nianze mayai, kidonge kilikuwa kama maji. Siku moja nilikwama mlangoni pa saluni, miguu imekataa kuvuka kizingiti, mpaka Mwalimu akanihesabia "kushoto, kulia" kama wanafunzi wake, ndipo nikatoka. Jumapili moja mayai yaliisha, nikameza kidonge kwa maji matupu. Mkono ukatulia hadi saa nne. Nikajua. Jumatatu nikanunua mayai tena.

Usiniulize akili zilikuwa wapi. Tangu mke wangu afariki, hakuna aliyewahi kuniandikia nile nini. Nilishindwa kukuambia kuwa chakula chako kinanidhuru.

Mwalimu ndiye aliyenikokota hadi kliniki. Mtaalamu wa lishe akasema mayai, maziwa, nyama na maharage yanagombania na dawa hii njia ya kuingia mwilini. Nisiviache, mwili unavihitaji. Ila kidonge kitangulie kwa maji, nusu saa kabla ya kula, na vyakula hivyo nile zaidi jioni. Mchana viazi, mboga, matunda, na maji mengi ili choo kisiwe kigumu. Wiki ya tatu sasa mkono unanisikiliza. Lakini wateja hawajui, kiti ni kitupu, na Juni ndiyo hii.

Mjomba wako mwongo


14 Juni

Shikamoo Mjomba,

U hali gani, mwongo wangu? Nimesoma nikakasirika, nikarudia nikalia. Miezi yote hiyo unajigandisha viungo ili nisiudhike! Mimi napikia watoto mia tatu, wananirudishia sahani na chakula chake kila siku na sijafa. Na kosa ni langu pia, nilijifanya daktari. Bandua ile karatasi. Nyingine tutaiandika pamoja na huyo mtaalamu, nami nitanyamaza nisikilize. Mwambie Mwalimu nampenda.

Likizo yangu inaanza Jumamosi. Nywele zimekuwa kichaka na nataka uzikate zote, fupi kabisa. Tufanye Jumatatu saa tatu asubuhi, kidonge kikiwa kimeshika. Kiti kitoe nje, pale wanapotuona watu wa ng'ambo ya barabara. Usiwe na haraka. Na shingoni, Mjomba, usitumie mashine. Tumia wembe.

Mpwa wako