Bosi Mwenye Imani na Lifti Mbovu

Shoga, bosi wa dada kaumbuka leo!

Si unajua dada ndiye fundi wa lifti pale kazini kwao? Asubuhi kakuta kamba ya chuma inayobeba lifti imeanza kukatika, akagoma kusaini kwamba ni salama. Bosi, yule anayewaombesha kila siku kabla ya kazi, akamjia juu: "Huna imani! Saini, au kusanya vifaa vyako uondoke!"

Imani! Kwenye kamba inayokatika!

Dada naye watoto wake wanasomeshwa na mshahara huohuo. Akafungua mlango wa lifti. "Tangulia wewe, bosi. Ukifika ofisini kwako salama, nasaini."

Shoga, mwenye imani kapanda ngazi! Ghorofa nane, na kitambi kile!

Dada kabandika karatasi mlangoni: LIFTI MBOVU.