Kifusi Kwenye Kinamasi cha Baba

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha mabati.
Alhamisi, 14 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Habari za siku nyingi? Shemeji hajambo? Kile kikohozi chake kimekwisha, au bado anakibembeleza kwa tangawizi bila kwenda hospitali? Na watoto, hasa yule mdogo mnayemwita Meneja, wanaendeleaje na baridi ya huko? Sisi huku tu wazima. Goti langu linauma nikipanda ngazi za ofisini, basi siku hizi mhariri ndiye anayenishukia mimi. Dada yetu naye hajambo. Presha yake imetulia, ulimi wake bado.

Sikukupigia simu kwa sababu kwenye simu mimi na wewe huishia kupandishiana sauti. Barua hii anakuletea mwenzangu wa kazini anayesafiri kesho, utaipata Jumamosi. Naomba uisome mpaka mwisho kabla hujasema neno.

Jambo lenyewe linamhusu mpwa wetu. Unajua alivyohangaika na masomo yake ya uhifadhi. Mara ya kwanza alipoomba ufadhili wa shahada ya uzamivu alikosa kwa kuwa hakuwa na profesa wa kumsimamia. Mara ya pili walimwambia utafiti wake ni mchanga mno. Mfuko huu anaouomba unawasaidia wanasayansi wa nchi kama zetu, ambako serikali haina fungu la mambo hayo. Unalipa ada, posho na gharama za kukaa porini, mradi mtu afanye utafiti kwao na abaki kwao. Ila haumpokei aliyevuka miaka thelathini na tano, naye anaitimiza mwaka huu. Hii ndiyo nafasi yake ya mwisho.

Mwezi uliopita alijibiwa kwamba amefika hatua ya mwisho. Dada alipiga kelele mpaka jirani akaja mbio kuuliza kuna msiba gani.

Utafiti wenyewe ni wa vyura. Ni wadogo, mmoja anaenea juu ya ukucha wa dole gumba, na wanataga mayai kwenye matete. Amewafuatilia tangu shahada ya pili, kila msimu wa mvua, na buti zake za mpira na kinasa sauti. Dada humtania, "Wenzako wanaleta wachumba nyumbani, wewe unaleta tope." Anawafuatilia kwenye kinamasi cha chini, katika shamba la marehemu baba. Ametafuta kwingine kote, hajawapata.

Yaani, kwenye sehemu yako.

Hakukuomba ruhusa. Aliniuliza mimi na mama yake, nasi tukamwambia endelea tu, shamba ni letu. Kwenye maombi akaandika kwamba ni ardhi ya familia na haina tishio lolote. Hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba upande ule baba alikugawia wewe. Nawe hukutuambia kwamba unajenga nyumba pale. Shemeji ameniambia ulitaka kutushtua siku ya kuezeka. Basi umetushtua kabla hata ya msingi.

Jumanne asubuhi mpwa wetu alinipigia simu, sauti yake si yake. Nilipofika kinamasini nilikuta malori mawili yanamwaga kifusi. Kona ya upande wa barabara ilikuwa imeshafunikwa. Yeye amesimama katikati ya matete, maji yamemfika magotini, na msimamizi wa malori anamwambia, "Dada, toka humo bwana. Mimi nalipwa kwa tripu."

"Na waliomo humu je?"

"Akina nani?"

"Vyura."

Msimamizi akanigeukia. "Mzee, huyu dada mzima kweli?"

Nilimwambia mpwa wetu kwamba nitakuandikia. Akakataa katakata. "Usimwandikie, mjomba. Mjomba mdogo amebeba maboksi huko ugenini miaka yote hiyo ili ajenge. Nitamwambia kwa mdomo gani kwamba ahamishe nyumba kwa ajili ya chura?" Alisema hivyo huku akijua kwamba wiki ijayo wafadhili wanamtuma mtu kukagua eneo na kuzungumza na mwenye ardhi, uso kwa uso au kwa simu. Mtu huyo akikuta kifusi tu, maombi yameanguka.

Tangu siku hiyo anashuka kinamasini kila jioni kusikiliza kama bado wanalia. Chakula hakigusi. Dada ameacha kumtania, na hilo ndilo linalonitia hofu kuliko yote.

Ombi langu ni hili. Sehemu yangu ya juu, penye mwinuko, ni kavu, haihitaji kifusi hata ndoo moja. Tubadilishane, ujenge huko. Mke wangu nimemwambia. Hakufurahi, lakini hakukataa. Najua ulipapenda pale chini kwa sababu ya barabara, na hela ya kifusi ndiyo imekwenda. Sikuambii kwamba ni jambo dogo.

Msalimie sana shemeji, na umwambie Meneja kwamba baba yake mkubwa anataka picha yake akiwa amevaa viatu, si pekupeku. Dada anakusalimu. Fundi cherehani wa jirani anauliza kama umenenepa, maana kitambaa chako bado anacho. Mungu awakinge na maradhi, na akupe kazi ya mchana, uachane na hizo zamu za usiku.

Kabla sijafunga bahasha. Malori yamesimama tangu Jumanne ile ile, kwa sababu nilimwambia msimamizi kwamba nimezungumza nawe na umeagiza kazi isimame. Nimeandika habari maisha yangu yote bila kumlisha mtu maneno, nimekulisha wewe. Msimamizi hakuniamini sana. Amesema atakupigia mwenyewe Jumatatu asubuhi, na ukikana, anamalizia kumwaga siku hiyo hiyo.

Akikuuliza kama ulisema, nakuomba uwe ulisema.

Ni mimi kaka yako,
nikupendaye hata tukigombana.