Bunduki Uliyoikataa, Baba Leodegar

Mwaka umetimia, Baba, tangu utuondokee hapa hapa Tabata, ukiwa kwenye kiti chako barazani unasubiri chai ipoe. Chai ilipoa, wewe hukuamka. Mama mpaka leo hawezi kulala upande wako wa kitanda.

Wasiokujua tuwaambie. Leodegar Haule, mzaliwa wa Songea, ulikuwa fundi silaha jeshini mpaka ukastaafu. Baada ya hapo polisi na watu wa makumbusho wakawa wanakuita kila ilipopatikana bunduki ya kale, zile za kukoki kwa mkono kila risasi, za enzi za Mjerumani na Mwingereza. Kazi yako ilikuwa kusoma alama zilizogongwa kwenye chuma, mataji, mishale na namba, kisha kusema kama kweli zimetoka jeshini au kuna mjanja kazigonga juzi gereji ili chuma chakavu kionekane cha maana.

Na ulikuwa mtu wa kushuku, jamani! Mafuta ya taa uliyanusa kabla ya kuyanunua. Kitenge cha Mama ulikigeuza ndani nje, ukatazama na pindo. Brightson alipokuja kumposa dada yetu Demetria, ulimwomba kitambulisho mbele ya wazee wake. Mama akakufinya. "Baba Demetria, huyu ni mkwe, si bunduki." Ukamjibu, "Vyote vinalipuka."

Lakini kumwonea mtu, hapana. Ulikuwa na utaratibu wako na hukuuruka hata siku moja. Kwanza kitambaa chenye mafuta ya taa, kuondoa uchafu. Kisha lenzi. Kisha ukucha wa kidole gumba kwenye kingo za kila alama, kwa sababu alama ya zamani imeshalainika na ya juzi bado inakwaruza. Mwisho ulikuwa unainusa. Bunduki moja ilikula asubuhi nzima, na ole wake aliyekuharakisha.

Ndiyo maana tunayaandika haya, Baba.

Mdogo wako wa tumbo moja, baba mdogo Kasimiri, mchonga vinyago wa Mwenge, alikwenda Songea kubomoa nyumba ya babu yenu iliyokuwa inaanguka. Darini akakuta bunduki. Ukoo mzima ulifurahi, maana sote tumekua na hadithi ile: babu aliipora bunduki mikononi mwa Mjerumani, Vita vya Maji Maji. Inasimuliwa kila harusi na kila msiba, na kila msimuliaji anaitia chumvi yake. Sasa ushahidi umepatikana! Makumbusho wakasema alama zikithibitika, wataiweka kwenye kabati la kioo na jina la Haule chini yake.

Ila baba mdogo alikuwa amefanya kosa ambalo mchongaji tu ndiye angelifanya. Kitako cha mbao kilikuwa kimeliwa na mchwa, mkono wake ukashindwa kutulia, akachonga kipya ndipo akaipeleka polisi. Watu wakaanza kumwangalia kwa jicho la pembeni. Mchonga vinyago, Mwenge, bunduki ya kale yenye mti mpya? Mh!

Siku ya ukaguzi tulikuja wengi. Uliishika, ukaitazama sehemu ya juu mara moja, ukaiweka mezani.

"Feki," ukasema. "Alama zimegongwa juzi."

Baba mdogo akakodoa macho. "Kaka, unasema nimezigonga mimi?"

"Nimesema zimegongwa." Na hukumtazama.

Tangu hapo Kasimiri akawa tapeli wa ukoo. Ndugu wakaacha kupokea simu zake. Wateja Mwenge wakawa wanauliza kinyago hiki ni cha mpingo kweli au umekipaka rangi ya viatu. Naye akawa anasema una wivu, kwamba wewe ndiye mkubwa na bunduki imepatikana na mdogo. Kabla hamjasemeshana tena, presha ikakuchukua. Msibani kamati haikumruhusu hata kushika jeneza. Alikaa nje ya turubai, peke yake, na sisi tukapita mbele yake.

Siku hiyo ya mazishi mtani wetu Petro, Mhehe, alifanya kazi yake ya utani kama desturi inavyotaka. Alivaa miwani yako, akalisogelea jeneza, akaanza kukuigiza. Akalifuta kwa kitambaa. Akachomoa lenzi. Akapitisha ukucha kwenye misumari, akainama akanusa, kisha akapiga ukelele, "Misumari ya juzi hii! Feki! Mzee hajafa, mnatutapeli!" Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Mama naye alicheka, halafu kicheko kikamkatika ghafla.

Kitambaa, lenzi, ukucha, pua. Kwa bunduki ya Kasimiri hukufanya hata kimoja.

Machale yalimcheza Mama hapo hapo, Baba, na hayakumwacha. Lakini angemwambia nani? Kulichokonoa neno la marehemu si jambo dogo, tena marehemu ni mumeo. Siku nyingine alijisemea labda ulikuwa umechoka, na Kasimiri mikono yake inajua kila hila ya mti na chuma. Siku nyingine alikutazama kwenye picha ya ukutani akakuuliza kwa sauti, "Uliona nini wewe?" Mmoja kati yenu wawili alikuwa mwongo, na wote wawili Mama aliwapenda.

Mwezi huu tulipokaa kuandaa tangazo hili, Demetria akasoma majina ya wanaokukumbuka. La Kasimiri halikuwemo. Mama akasimama. "Hakichapwi kitu hapa mpaka nijue," akasema, akaingia chumbani kuvaa viatu.

Alimchukua Gaspar, yule uliyemfundisha kazi mwenyewe, wakaenda makumbusho. Bunduki ilikuwa bado stoo. Gaspar akafuata utaratibu wako wote, taratibu, na Mama kasimama pembeni. Ukucha haukukwaruza popote.

"Mama, hizi ni za kweli tupu," Gaspar akasema. "Hakuna aliyezigusa. Mwaka wa kiwanda huu hapa juu, 1911."

Mama amefundisha historia shule ya msingi maisha yake yote. Hakuhitaji kuuliza Maji Maji iliisha lini. Iliisha 1907, na wakuu wa Wangoni walikuwa wameshanyongwa pale Songea. Bunduki hii ilikuwa haijatengenezwa.

Gaspar akalifungua bamba la chuma la kitako, lile la zamani ambalo Kasimiri alilirudishia kwenye mti mpya. Nje yake ilikuwepo namba ya kombania ya jeshi la Kijerumani. Ndani, mtu alikuwa amekwaruza jina lake kwa msumari: Haule.

Kwa hiyo babu hakuipora. Alipewa. Alikuwa askari wa Mjerumani, alimtumikia yule yule aliyewanyonga wakuu wetu. Na wewe, kwa jicho lako lile, ule mwaka uliogongwa juu tu ulikutosha kulijua hilo.

Mama alikaa kwenye kreti la stoo akakukasirikia, Baba. Alikukasirikia sana. "Kamlinda mfu," alimwambia Gaspar, "kamtupa aliye hai."

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja Mwenge. Baba mdogo hakunyanyuka, aliendelea kupiga msasa. Mama akamweleza yote, akitegemea atashtuka. Hakushtuka.

"Shemeji, ule mwaka mie niliuona kule kule darini," alisema. "Kusoma najua."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Nilimsubiri kaka aseme. Mie nani angeniamini? Nilijua akiuona tutakaa chini, mie na yeye, tuzungumze huyu babu yetu alikuwa mtu gani." Akaupuliza unga wa mti mikononi. "Ule wivu niliusema kwa hasira. Hakutaka kuzungumza na mie, basi."

Mama akamwomba radhi kwa ajili yako, kwa sababu wewe huwezi tena. Walilia wote wawili pale kibandani.

Neno lako ulilitoa mbele ya watu, Baba, nasi mbele ya watu tunalifuta. Bunduki ni ya kweli, na Kasimiri Haule hakughushi kitu. Makumbusho wataiandikia: Haule, askari. Wazee wa ukoo wamenuna, na wataendelea kununa.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili, parokiani kwetu Tabata. Wanaokukumbuka ni mdogo wako Kasimiri, mkeo Yuliana, wanao Demetria na Gibson, mkweo Brightson, mwanafunzi wako Gaspar na mtani wako Petro. Kasimiri ameombwa kusoma somo la kwanza. Amekubali, ila amesema atakapofika kaburini anaomba aachwe peke yake na kaka yake, wana mazungumzo.

Hatutakusahau kamwe, Baba, wala hatutalisahau hilo ulilomtendea mdogo wako.