Njia Zinazojulikana

Jumatatu, 4 Machi 1974. Musoma
Nimechemsha ngozi za ng'ombe tena. Mara ya tatu. Maabara ya mifugo inanuka mzoga, hata chai sinywi humo. Nafuata maandishi ya Dakta Magesa, mkuu wangu, neno kwa neno. Anaiombea hataza, yaani haki ya mvumbuzi peke yake, dawa ya vidonda vya ng'ombe: peptidi, yaani vipande vidogo vya protini ya ngozi, vilivyobadilishwa kwa kemikali. Anataka sahihi yangu kwamba maandishi yanatosha kumfundisha mtu kuitengeneza. Nimepata uji mweusi.

Jumatano, 6 Machi
Anadai haki ya peptidi zote, za ngozi ya mnyama yeyote. Namna ya kuzibadilisha: "kwa njia zinazojulikana." Zinajulikana na nani? Nimemuuliza. Akasema kazi yangu ni kusaini, na cheo changu kiko mikononi mwake. Kinyaa.

Ijumaa, 8 Machi. Butiama
Ng'ombe wa mkulima mmoja hapa kijijini alipakwa dawa aliyoichemsha Dakta mwenyewe. Uji uleule. Kidonda kimeoza, funza wanatembea. Ndiye ng'ombe wake pekee wa maziwa. Nimemsafisha kwa mikono yangu, kisha nikatapika nyuma ya zizi.

Jumamosi, 9 Machi. Bunda
Nimemfuata Wegesa, fundi wetu wa maabara kabla Dakta hajamhamishia huku. Dawa ni yake. Dakta alinakili daftari lake tu, hakuwahi kusimama naye mezani.
"Nilikuwaga naipoza kwanza kwa barafu, ndiyo natia kemikali tone kwa tone," alisema. "Hilo sikuliandika. Mikono ilikuwa inajua."

Jumatatu, 11 Machi. Musoma
Nimefuata maneno yake. Imetoka nyeupe, haina harufu. Dakta akafurahi, akanisogezea kalamu. Nikaandika: Maandishi haya hayamfundishi mtu kutengeneza dawa hii. Mvumbuzi ni Wegesa. Nikasaini. Alinitazama kama mavi kwenye kiatu. Nami nilimtazama hivyohivyo.

Jumanne, 2 Aprili
Ombi limekataliwa Dar es Salaam. Nami nimehamishwa. Josho la Buhemba, kuogesha ng'ombe. Mtu mchafu yule.

Jumatatu, 20 Mei. Buhemba
Josho asubuhi. Kupe wengi. Mchana Wegesa alishuka kwenye basi na karatasi zake. Ameandika hatua zote mwenyewe. Nilisoma kivulini, polepole. Sehemu moja sikuielewa, nikamwambia. Akaifuta, akaandika upya.