Nyumba Niliyoifungua kwa Spana

Kator, Juba
14 Machi 2009

Mpendwa mdogo wangu Pitia,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama. Hujambo huko Eldoret? Kifua kimepoa, au baridi bado inakusumbua? Sisi tu wazima, ila joto la mwezi huu linakausha mate. Goti la mama limepungua kuuma. Barua hii anakuletea Rejoice, binti wa jirani yetu, anayesafiri kwa basi.

Sasa nikupe habari za baba mdogo Erifazi kabla hajakupa za kwake.

Unakumbuka nyumba niliyomjengea mama kule mtaa wa New Site. Niliijenga kwa ule ufundi niliojifunza kiwandani huko Eldoret. Nilikusanya vipande vya msaji ambavyo wapasuaji mbao huvitupa, nikavipiga randa, nikavibandika kwa gundi tabaka juu ya tabaka, moja limelala, jingine limekingama, nikavibana kwa jeki mpaka vikawa kuta. Watu walikuja kuzigongagonga, wakiuliza mchwa watashiba lini. Kuta zote zimeshikana kwa bolti, ili mama akitaka chumba cha nne tuongeze bila kubomoa.

Kosa langu ni ploti. Wazee wa ukoo walisema mwanamke haandikishi ardhi wakati baba mdogo yupo, nami kwa heshima nikakubali iandikwe kwa jina lake. Mjinga mimi! Mabati yalipokwisha kupigiliwa tu, akaja na mke wake mpya na vitanda, akamwambia mama ahamie kwenye rakuba, kile kibanda cha nyasi uani. Mama, Pitia, aliyempikia mtu huyo miaka yote ya ukimbizini.

Nilimpeleka baba mdogo kwa sultani, chifu wa mtaa. Hukumu ikawa ardhi ni ya mwenye karatasi, na kila mtu achukue mali yake. Baba mdogo akacheka, akasema mbele ya wazee wote, "Abebe kila alicholeta, asiniachie hata msumari." Alidhani nyumba ni ile ya matope aliyoizoea, ambayo hubaki ilipo. Nilimwomba karani wa sultani aandike maneno hayo, na baba mdogo akatia kidole gumba akiwa bado anacheka.

Jumamosi, yeye na mke wake wakiwa harusini mtaa wa Hai Cinema, nilifika na mafundi wanne, lori na spana. Vitanda vyao tulivitoa nje kwa adabu, tukavifunika turubai. Jua halijatua, khalas, imebaki sakafu tu. Nilifagia hata vumbi la mbao. Sijawahi kuifurahia kazi hivyo, na sioni haya kukuandikia.

Mama sasa yuko hapa Kator, uani kwa shangazi Poni. Ua ni mwembamba, kwa hiyo nyumba nimeisimamisha kwa vyumba viwili badala ya vitatu, na kuta zilizobaki nimezihifadhi.

Lakini hayajaisha. Mwisho wa mwezi watu wa ardhi watapita New Site, na ploti isiyo na nyumba atapewa mwingine. Juzi baba mdogo alikuja, akapiga magoti mbele ya mama, akaomba nyumba irudi kule siku moja tu, wakaguzi waione. Mama akaniangalia. Nilijua anataka nikubali. Nikasema, "Kalia ardhi yako, baba mdogo." Tangu hapo mama hanisemeshi. Anapokea chakula changu, anakula, anageukia ukuta. Inaniuma sana, lakini sirudi nyuma. Jina la mama nimeshaliandikisha kati ya wanaoingojea ploti hiyo hiyo.

Baba mdogo atakupigia simu. Atakukumbusha jinsi alivyokubeba mgongoni siku tulipokimbia kuvuka mpaka, na ni kweli alikubeba. Atataka unibembeleze, kwa sababu anajua kwako mimi sina nguvu. Usimpokelee.

Nisalimie mkeo Achai na mtoto Loro. Shangazi Poni anawasalimu nyote. Mungu ailinde nyumba yenu, na kila aingiaye humo aingie kwa nia njema.

Dada yako akupendaye, mpaka siku utakapomtetea baba mdogo,
Kiden