Gogo Ameamka

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na nafuu, na kama nafuu yenyewe imechelewa, basi angalau ikukute na subira. Hujambo lakini? Miguu bado inavimba jioni? Na ile ladha ya chuma mdomoni uliyosema inakufanya uichukie hata chai, imepungua? Usinijibu kwamba uko sawa tu. Tangu uanze kuumwa una jibu hilo hilo kwa kila anayekujulia hali, mpaka mama anasema ni afadhali aulize mlango.

Sisi huku hatujambo. Watoto wanakua, viatu vinawabana hata kabla havijachakaa. Shemeji yako yuko karakana kama kawaida, anarudi jioni na mafuta ya magari mpaka kwenye nyusi. Mama mgongo unamsumbua asubuhi, ila ulimi ni mzima kabisa. Mimi niko dukani na cherehani yangu, nashona sare za shule na magauni ya watu wenye haraka.

Najua umeshangaa kuletewa karatasi katika zama hizi. Kaka, kwenye simu wewe hunipi nafasi. Nikianza jambo zito unaniuliza watoto wamekula nini, na nikilirudia unasema mtandao unakatakata. Karatasi haina mtandao. Isome polepole, wala usikimbilie ukurasa wa mwisho kama ulivyokuwa ukifanya na vitabu vya hadithi tulipokuwa wadogo, kisha unatuharibia sisi wengine.

Ile siku uliyotukalisha sebuleni kwa mama ukatuambia kwamba hutaki figo ya mtu yeyote wa nyumba ile, na kwamba mashine ya kusafisha damu inakutosha, sote tulikusikia. Mama alilia, wewe ukatazama ukutani. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kulitaja tena jambo hilo mbele yako. Nami leo nataka kwanza nikupe habari nyingine.

Unakumbuka chumba chetu cha nyuma, kile ambacho dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani? Ulikuwa unaamka giza bado limetanda, unafunga kamba za raba zako zilizotoboka kwenye kidole gumba, halafu unaanza kazi ya kuniamsha ili twende wote kukimbia. Ulinivuta blanketi kuanzia miguuni. Ukaona haitoshi, ukaleta maji kwenye kikombe. Mimi nilijikunja upande wa pili nikaendelea na usingizi wangu nikiwa nimelowa. Ndipo ukaniita Gogo, na jina likanishika mpaka walimu wakalijua. Hakuna aliyeshangaa ulipokuja kuwa mwalimu wa michezo, mwenye filimbi shingoni, na mimi fundi cherehani, mwenye utepe wa kupimia shingoni na makalio yasiyobanduka kwenye stuli.

Sasa habari yenyewe ni hii: Gogo anaamka. Anaamka alfajiri, anavaa raba, anatoka nje. Umeshazisikia tetesi, najua, maana ulinipigia ukacheka mpaka ukakohoa, ukaniuliza kama nataka kuolewa upya. Nilicheka nawe. Nilipokata simu nilisimamisha cherehani, fundi mwenzangu akaniuliza nimefiwa na nani.

Sikudanganyi, mwanzo ulikuwa wa aibu. Nilitega kengele ya simu nikaiweka chini ya mto, mkono ukawa unaizima wenyewe mimi nikiwa ndotoni. Nikaihamishia jikoni, ndani ya sufuria, ili makelele yake yanilazimishe kuinuka. Yaliamsha watoto, yakaamsha majirani, yakamwamsha shemeji yako, ambaye aliniambia kwamba ndoa yetu imevumilia mengi lakini hiyo sufuria hataivumilia. Ni mimi peke yangu ambaye sikusikia. Nikajaribu kulala na nguo za mazoezi, niamke nikiwa tayari nimevaa. Nililala nazo vizuri sana, na kulipokucha nikaenda nazo dukani.

Siku ya kwanza niliyofaulu kutoka, nilifika kwenye duka la mwoka mikate hapo kona, nikashika ukuta wake nikawa natafuta pumzi. Yeye alikuwa ndani na wenzake wanatoa trei kwenye tanuri. Alichungulia akaniuliza nimefukuzwa na nani. Nikamwambia nafanya mazoezi. Akanitazama juu mpaka chini, akasema basi nikae kwanza ninywe maji, maana akinipoteza mlangoni kwake watu watasema ni mikate. Nilirudi nyumbani harufu ya mkate mpya ikinifuata njia nzima. Hilo nalo, kaka, ni jaribu ambalo wewe mwalimu hukuwahi kutuambia.

Dukani maneno yalianza. Fundi mwenzangu alisema mwanamke wa umri wangu akianza kukimbia, ama amepata mwanamume au anamkimbia. Wateja nao wakaongeza chumvi. Mama ndiye aliyeniumiza. Alinitazama nilivyoanza kupungua uso, akasubiri watu watoke, akaniuliza kwa sauti ya chini kama na mimi naumwa nikamficha. Akasema ana mgonjwa mmoja tayari, wa pili hatamweza. Nikamwambia ni mazoezi tu. Alinishika mkono wa juu akaubonyeza kama anayepima nyanya sokoni, wala hakuniamini.

Unajua sisi mafundi tunavyoshona. Ndani ya kila mshono tunaacha kitambaa cha ziada, ili mtu akinenepa tufungue tumwongezee. Magauni yangu yote nilikuwa nimeshafungua mpaka kitambaa hicho kikaisha. Miezi hii nimekuwa nayarudisha ndani, kidogo kidogo, kila Jumamosi wateja wakishaondoka. Gauni la bluu la harusi yako nimelivaa tena. Nilijitazama kwenye kioo cha wateja, nikajiona nimefanana na mama alipokuwa kijana, nikalia kidogo kisha nikafunga duka.

Utaniuliza nilipata wapi nguvu ya kuamka, mimi niliyeshindwa na kikombe chako cha maji. Jibu ni kwamba kuna mtu ananibipu. Simu inalia mara moja tu kisha inakatika, alfajiri, siku zote za juma. Kengele ya simu mtu unaizima ukaisahau, kwa kuwa yenyewe haina shida yoyote. Huyu mtu nilijua yuko macho kwa sababu gani, nikaona aibu kumwacha macho peke yake. Hiyo ndiyo siri yote. Sikugeuka kuwa mtu wa alfajiri. Bado naichukia alfajiri, baridi yake na mbwa wake.

Kuna siku moja mvua ilinyesha usiku kucha. Simu ikalia mara moja, nikaisikia vizuri, nikavuta blanketi mpaka masikioni nikasema leo hapana. Nililala usingizi mtamu ajabu. Mchana wake mtu yule alinipigia, hakubipu, alipiga kabisa, na akanieleza alfajiri yake ilivyokuwa. Alisema mumewe aliketi ukingoni mwa kitanda akakataa kuvaa viatu. Huyo mume akasema amechoka kuamka kwa ajili ya mashine, anaamka ili aende akachoke, akichoka arudi alale ili aamke tena aende. Alisema wamwache. Naye mkewe hakubishana naye. Alipiga magoti sakafuni akamvisha viatu, akamfunga kamba moja baada ya nyingine, akamwinua, wakaenda.

Ndiyo, kaka. Anayenibipu ni wifi. Siku za mashine ananibipu mnapotoka, na siku nyingine anapoinuka kukuandalia dawa. Najua uliwahi kuiona simu yake ikiwaka gizani, ukamuuliza anampigia nani saa hizo, yeye akasema anaangalia saa, ukanuna siku nzima. Alinisimulia huku akicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na machozi. Muombe radhi. Hajawahi kuwa na siri nyingine zaidi ya mimi.

Na wewe uliyekuwa ukifunga kamba za raba gizani huku unapiga mluzi, kufungwa kamba na mkeo. Tangu nisikie hilo sijakosa alfajiri hata moja, mvua au jua.

Sasa nikwambie lililobaki. Wiki chache baada ya kile kikao cha sebuleni, mimi na wifi tulikwenda hospitali bila kukuambia. Nilipimwa damu, na damu yangu na yako zikakubaliana. Daktari wako, yule mama mwenye sauti ndogo, ndiye aliyenipa majibu, na nikaanza kufurahi kabla hajamaliza. Akaniambia niketi. Akasema figo zangu ni nzima, ila kwa uzito niliokuwa nao na presha iliyokuwa ikipandapanda hawezi kunilaza kwenye meza ya upasuaji, kwa sababu hatamponya mmoja kwa kumwangusha mwingine. Akasema nipungue, presha itulie, halafu nirudi. Hakunificha kwamba wengi wanaoambiwa hivyo hawarudi.

Nimerudi. Nilipimwa tena kila kitu, na wiki iliyopita aliniita ofisini akaniambia kwamba wenzake wote wameridhika. Naweza kukupa figo, kaka. Kinachosubiriwa ni neno lako.

Usiniambie nina watoto. Najua ninao, na wewe unao, nao wanakuhitaji ukiwa umesimama. Usiniambie shemeji yako atasema nini. Alishasema. Nilipomweleza alilala akiwa amenipa mgongo, na kwa siku kadhaa tukawa tunaongea habari za watoto tu. Halafu alfajiri moja nilikuta raba zangu, nilizoziacha na tope, zimesafishwa na kuwekwa mlangoni. Aliniambia kutoka chumbani kwamba hapendi hata kidogo, lakini hatanizuia, na kwamba nisikanyage madimbwi. Na usiniambie kwamba wewe mwenyewe ndiye uliyejiletea. Vidonge vya maumivu ya goti ulivimeza miaka na miaka ili uweze kukimbia na watoto wa watu. Hukujua vinakula nini huko ndani, na hakuna aliyekuambia. Hayo tuyaache.

Nitakwambia ukweli mmoja kwa sababu sijazoea kukudanganya: naogopa. Sijawahi kulazwa zaidi ya kujifungua. Naogopa kisu, naogopa ile dawa ya usingizi, naogopa nisipoamka watoto wangu watafanya nini. Daktari ameyajibu maswali yangu yote na bado naogopa. Lakini hofu hiyo nimetembea nayo barabarani kila alfajiri, nikaizoea, na sasa tunajuana. Hofu ya kuletewa habari zako siku moja, nikiwa nimelala, hiyo ndiyo sikuweza kuizoea.

Ulisema sebuleni kwamba hutaki kuwa mzigo ndani ya mwili wa mtu mwingine. Kaka, huu mzigo niliuanza mimi. Nimeubeba kupita kwa mwoka mikate, mpaka uwanja wa shule na kurudi, na kila siku nilikuwa nikiufanya uwe mwepesi zaidi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nina kitu mwilini mwangu ambacho nimekifanyia kazi kwa mikono na miguu yangu mwenyewe, na nimekifanya kwa ajili yako. Ukikikataa sitakufa. Nitaendelea kushona. Ila sidhani kama nitaamka tena.

Mama hajaambiwa. Nitamwambia mwenyewe, siku hiyo hiyo utakayonijibu, ili alie mara moja tu. Wasalimie watoto wote, mwambie mkubwa kwamba sare yake iko tayari na nimemwachia kitambaa cha ziada ndani, maana anarefuka. Shemeji yako anakusalimu, na ametia saini salamu zake kwa kidole cha mafuta hapo pembeni, kama unavyoona.

Najua unaisoma barua hii ukiwa umeketi kwenye kile kiti cha mashine, mkono umeunganishwa na mirija. Nilimwomba wifi asikupe mpaka wakuunganishe, kwa sababu hapo huwezi kuinuka ukaenda zako, wala huwezi kusema mtandao unakatakata. Unisamehe kwa hila hiyo. Wewe ulinivua blanketi nikiwa nimelala, basi tumelipana.

Wifi yuko hapo kando yako, anajifanya anatazama dirishani. Hajalala vizuri tangu nimwambie kwamba nakuandikia barua hii. Simu iko mkononi mwake. Usimweleze mengi, kaka, mwambie tu anibipu. Ikilia mara moja nitajua umekubali, na nitaamka.

Ni mimi mdogo wako,

Gogo